Fundi, Ni Mpya?

Petroli iliyosahaulika ndani ya gari huoza. Miezi sita tu, inageuka rangi ya chai, inanuka kama vanishi, na inaacha ulimbo kila mahali ilipopita. Hilo halihitaji shule, muulize fundi yeyote. Sasa niambie, gari lililokufa miaka ishirini na miwili, halina tangi, halina betri, majani yameota mpaka juu ya bampa, kikombe cha kioo cha pampu yake kinawezaje kuwa kimejaa petroli safi inayonukia kana kwamba imetoka kituoni asubuhi hiyo hiyo?

Fundi Kisirani alikiona kikombe kile. Aliinama, akakikodolea macho, akakigonga kwa ukucha. Vipovu viwili vikapanda taratibu. Mtu mwenye akili zake angefunga boneti, akanawa mikono, akaenda zake kunywa chai. Yeye akasonya.

"Asali!" aliita. "Nani anakuja kutia petroli huku nyuma? Mnachezea mafuta yangu?"

Asali alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, na walifanya kazi pamoja katika gereji waliyoachiwa na baba yao. Mdogo aliitwa Asali kwa sababu ya maneno yake matamu kwa wateja. Mkubwa aliitwa Kisirani kwa sababu ya hasira zake, na badala ya kuona aibu, alikwenda akaliandika jina hilo mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya geti.

"Kaka, hakuna aliyegusa gari hilo," Asali alijibu akiwa mbali, wala hakutaka kusogea. "Na wewe usiliguse. Unajua mzee alisemaje."

"Mzee alikufa."

"Alisema lisitolewe hata skrubu moja."

"Mzee alikufa, nimekwambia! Gereji hii naendesha mimi au inaendeshwa na kaburi?"

Mimi ninayewasimulia sina ubaridi wa moyo juu ya jambo hili. Nimewahi kuuziwa breki kuukuu zilizopakwa rangi, nikaapiwa kwamba ni mpya, nikajikuta mteremkoni nakanyaga hewa. Kwa hiyo mkinisikia nafoka, nivumilieni. Watu kama Kisirani nawajua.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo. Mkewe, nesi wa zahanati iliyo ng'ambo ya reli, alikuwa na gari la zamani alilorithi kwa shangazi yake, injini ya kabureta, la aina ile ile kama gari bovu la nyuma ya gereji. Likaanza kukohoa kwenye vilima. Kisirani alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akajua papo hapo. Oili ilinuka petroli, tena ilikuwa imepanda juu ya alama. Kiwambo cha pampu kilikuwa kimetoboka. Kiwambo ni kile kipande cha raba chembamba kinachokaa katikati ya pampu. Mkono wa chuma unaosukumwa na injini unakivuta chini, springi inakirudisha juu, na hivyo ndivyo petroli inavyonyonywa tangini. Kikitoboka, petroli inamwagikia kwenye oili, na injini inakwenda na maji.

Kazi ya saa moja, kama una kiwambo. Lakini muuza spea alimwambia asubiri wiki tatu. Na Kisirani alikwisha apa mbele ya mkewe na manesi wenzake wawili: "Kufika Alhamisi gari lako linatembea, tena na kiwambo kipya. Mimi sijazaliwa kushindwa na pampu." Mdomo ule! Angeweza kurudi kusema, jamani, spea haijapatikana. Nani angemcheka? Lakini yeye kusema "nimeshindwa" aliona heri ameze spana.

Basi Jumatano ile akafungua pampu ya gari bovu. Boliti mbili zilizotulia miaka ishirini na miwili zilizunguka kama zilizokazwa jana. Kwenye mwili wa pampu kulikuwa na mikwaruzo miwili midogo, alama ya baba yao, aliyezoea kukwaruza mahali sehemu mbili zinapokutana kabla ya kuzitenganisha, ili zirudi zilivyokuwa. Akafungua skrubu sita. Ndani hakukuta raba. Kiwambo kilikuwa cha ngozi, kimekatwa kwa mkono, matundu sita yametobolewa kwa ustadi, na pembeni kulikuwa na kipande cha mshono wa uzi mweusi alioujua vizuri. Ulikuwa mshono wa aproni ya kazi ya baba yake.

"Mzee alikuwa fundi, bwana," alisema, akacheka peke yake.

Ngozi ilikuwa laini. Ilikuwa na vuguvugu pia, lakini hilo alilisingizia jua.

Akaihamishia kwenye pampu ya mkewe pamoja na kile kikombe cha kioo, kwa kuwa cha mkewe kilikuwa na ufa. Akabonyeza mkono wa pampu mpaka chini, ukitaka kiwambo kisivutike vibaya lazima ufanye hivyo, akaanza kukaza skrubu moja moja, kwa mshazari. Alikuwa kwenye skrubu ya nne aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake, ya upole, sauti ya mtu asiyependa kusumbua.

"Fundi, ni mpya?"

"Mpya, mama," alijibu bila kugeuka. Waongo huzoea. Neno linatoka lenyewe kama kupiga chafya.

Skrubu ya tano.

"Fundi, ni mpya?"

"Nimekwambia mpya! Unataka niape?"

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Asali alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Kisirani alimtupia kitambaa chenye grisi. "Na wewe acha kuigiza sauti za wanawake! Nitakuvunja mdomo!"

"Mimi?" Asali alisema toka chini ya lori. "Mimi nilikuwa nimeng'ata tochi hapa, kaka."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi Nesi alikuja kuchukua gari lake. Lilinguruma kwa stati moja. Alifurahi, akamshika mumewe bega, kisha akauliza kama anavyouliza mtu yeyote, "Baba watoto, ni mpya kweli?"

"Mpya, mke wangu. Imetoka kwenye boksi."

Akaondoka. Kisirani akabaki amejishika kiuno, kifua mbele. Na kwa siku mbili gari lilikwenda vizuri kuliko lilivyowahi kwenda.

Jumamosi, saa tisa mchana, Nesi alikuwa anaanika nguo uani. Gari lilikuwa limelala hapo tangu jana yake jioni. Akasimama na shuka mkononi.

Tak. Tak. Tak.

Akamwita mumewe. Kisirani alikuja akitafuna, akasikiliza, akaacha kutafuna. Nataka muelewe kilichomshtua. Pampu za magari ya siku hizi zina umeme, zinaweza kulia zenyewe. Pampu ile haina waya hata mmoja. Inasukumwa na injini, na injini ikilala, pampu imelala. Lakini alipofungua boneti na kuweka kiganja juu yake, aliusikia mkono wa chuma ukipanda na kushuka ndani, polepole, na kwenye kikombe cha kioo vipovu vikapanda viwili viwili, vikatulia, vikapanda tena, kama vile mtu anapumua chini ya maji.

"Mbona inagonga na injini imezimwa?" Nesi aliuliza.

"Chuma kinapoa."

"Kinapoa tangu jana?"

"Wewe shika sindano zako, mimi nishike spana zangu!" Akabamiza boneti.

Jumapili harufu iliingia ndani ya nyumba. Chai ikanuka petroli. Nesi alifua mashuka mara mbili, yakatoka yananuka vile vile. Mama mzazi wa Kisirani, aliyekuwa akiishi nao chumba cha mbele, alikataa kula. Alikaa kitandani kwake anavuta hewa puani, anamtazama mwanawe.

Jumatatu gari lilizimika juu ya reli.

Ni kivuko cha kawaida, chenye kengele na mlinzi mwenye kibendera. Gari lilifika katikati ya vyuma, likakata, likakaa muda wa mtu kuhesabu mpaka tano, kisha likawaka lenyewe. Jumanne lilikaa dakika nzima. Jumatano mlinzi wa kivuko alilazimika kulisukuma, akawa anatukana. Alisema gari lilikuwa zito kama limepakia watu.

Jioni ile Nesi alikuja juu. "Nimezimikiwa pale pale siku tatu! Pampu gani mpya hii?"

"Hujui kukanyaga klachi!"

"Nimeendesha gari hili miaka minane!"

"Basi miaka minane hujui!"

"Nitazame machoni, baba watoto."

Hakumtazama. Alichukua kofia yake akatoka, akatembea mpaka hasira zikamwisha, na aliporudi jua lilikuwa bado halijazama. Akamkuta mkewe amekaa ndani ya gari uani, vioo vimepandishwa, mikono imeshika usukani, jasho linamtiririka. Akagonga kioo. Nesi akageuka polepole kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Unafanya nini humo?" alimnong'oneza, na hakujua kwa nini ananong'ona.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Sijui." Alitazama kiti cha pembeni. "Ameniambia tusubiri. Anasema haitachelewa."

Kisirani alifungua mlango akamtoa kwa nguvu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, lakini kitambaa chake kilikuwa kimebonyea, na kilichukua muda kuinuka.

*

Alhamisi asubuhi, jua limeshapanda, mama yake alimwita chumbani kwake. Kikongwe alikuwa ameshika ovaroli la mwanawe puani. Macho yake yalikuwa mekundu, na siyo kwa kulia.

"Ngozi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa najiuliza siku zote hizi. Petroli naijua, nimeifua miaka arobaini. Lakini hii ni petroli na ngozi. Umekigusa kile kiwambo."

"Mama, mambo ya gereji—"

"Kaa chini, mbwa wewe!"

Akakaa. Mtu mzima, ndevu zina mvi, akakaa chini sakafuni.

"Gari lile lilikuwa la mwalimu wa kike," mama yake alisema. "Mpole, ana miwani, kitu kimoja anakuuliza mara mbili. Alimletea baba yako pampu imetoboka. Spea hakuna. Baba yako akakata aproni yake. Ningemlaumu kwa hilo? Kazi ilikuwa nzuri. Angemwambia tu, mwalimu, hii ni ya ngozi, inakufikisha wiki, usiende nayo mbali. Lakini mwalimu alimuuliza, fundi, ni mpya? Akasema mpya. Akamuuliza tena. Akasema mpya. Likamzimikia juu ya reli saa saba mchana, treni ikamkuta humo."

Kisirani aliangalia grisi kwenye kucha zake.

"Mabaki ya gari yakaburutwa mpaka gerejini, na pampu ikawa inagonga humo na injini imekufa. Baba yako akamleta mtaalamu wa majini. Yule mama alinusa gari, akasema mwenye hasira amekwenda, lakini hasira yake imebaki, na jini limeingia humo kama mpangaji. Akasema linatoka kwa neno moja tu: fundi aende kwa ndugu za marehemu akaseme nilidanganya. Baba yako..." Akatema mate pembeni. "Nilimpenda baba yako. Alikataa. Alisema ataharibu jina la gereji. Basi mtaalamu akasema, kama husemi, mimi sitoi kitu, nitalifungia tu humo lilimo, na siku ikitoka hata skrubu moja, limetoka. Miaka ishirini na miwili nimelala na siri ya mwanamume yule. Sasa nenda kamwambie mkeo. Sasa hivi. Mwambie si mpya."

Aliondoka kweli. Alipita ukumbini na neno likiwa mdomoni. Jikoni akamkuta Nesi amevaa sare, mkoba begani, funguo mkononi, na macho yake siku ile yalikuwa yake mwenyewe, yamechoka lakini yake.

"Baba watoto," alisema taratibu. "Sitakukasirikia. Niambie tu. Ni mpya?"

Jamani! Nani anapewa nafasi kama hiyo? Mlango umefunguliwa, ameambiwa hatakasirikiwa, mama yake amemtapikia kila kitu muda huo huo, na bado yule bwana alitazama sufuria, akasema, "Mpya."

Hakuna usiku ninaoifikiria asubuhi hiyo bila kutamani kumzaba kofi.

Nesi akatikisa kichwa, akatoka. Gari likawaka. Kisirani alijituliza kwa hesabu zake za kijinga. Treni hupita saa moja asubuhi na saa saba mchana. Ya asubuhi ilikwisha pita. Mkewe anatoka kazini saa kumi. Saa sita atamfuata zahanati, afungue pampu kimyakimya, arudishe ngozi ilikotoka, akate kiwambo kingine kwenye raba, na hakuna atakayejua lolote.

Saa saba kasorobo ndipo alipofika zahanati kwa miguu, spana mfukoni, raba chini ya kwapa. Nesi mwenzake akamshangaa.

"Mmepishana. Amebadilisha zamu, ameondoka sasa hivi. Na yule mama mwenye miwani, ni ndugu yenu? Amekaa garini tangu asubuhi. Nilimkaribisha ndani, akasema anasubiri."

*

Alikimbia. Alisikia kengele ya kivuko kabla hajaiona reli, na alipokata kona ya mwisho aliliona gari la mkewe limesimama katikati ya vyuma, katika jua la mchana, watu wamejaa pande zote mbili wanapiga kelele, mlinzi anavuta mlango wa kushoto hata kofia imemdondoka, na hakuna mlango uliofunguka.

Ndani, mkewe alikuwa amekaa wima, mikono usukanini, anatazama mbele kama mtu aliye foleni. Na pembeni yake alikuwa amekaa mwanamke aliyevaa miwani.

Kisirani alifika akapiga kioo kwa spana, akapiga tena, akapiga kwa nguvu za hasira zake zote za miaka arobaini na saba, na spana ikaruka kama imepiga gurudumu, na harufu ya petroli ikamjaa puani na kooni mpaka machozi yakamtoka, na chini ya boneti ile pampu ikawa inagonga, tak, tak, tak, kwa haraka zaidi kuliko injini yoyote inavyoweza kuisukuma, na kengele inalia, na vyuma vya reli chini ya miguu yake vikaanza kutetemeka, na mlinzi akapiga ukelele akauachia mlango akakimbia, na watu wakarudi nyuma wakiziba macho ya watoto wao, na katikati ya yote hayo yule mwanamke aligeuza shingo taratibu, kioo kimoja cha miwani kina ufa, midomo haichezi, na sauti yake ikamfikia wazi kama anazungumza naye ukumbini kwake.

"Fundi, ni mpya?"

"Toka! Toka kwenye gari la mke wangu, mwanaharamu wewe!"

"Fundi, ni mpya?"

Treni ikapiga honi. Na hapo, haki ya Mungu, wako watu walioshuhudia kwamba bado alisita. Alitazama nyuma, akawaona wateja wake, muuza spea, majirani, wote wanamsikiliza. Kisha akamtazama mkewe, akaona chozi linamtoka kwenye jicho lisilopepesa.

"Si mpya!" alipiga yowe. "Si mpya! Ni kuukuu! Nimeitoa kwenye gari lako, mwalimu! Ni aproni ya baba yangu! Baba yangu alikudanganya, na mimi nimemdanganya mke wangu mara mbili, leo asubuhi nimemdanganya nikijua! Sisi waongo! Baba na mwana, sisi waongo!"

Pampu ikanyamaza. Mlango ukaachia, akaangukia ndani, akamkumbatia mkewe kiunoni, akamvuta, wakaporomoka kwenye kokoto.

Treni ililibeba gari lile hadi nusu kilomita mbele.

Vumbi liliposhuka, Nesi aliketi. Magoti yanatoka damu. Watu walisogea wakidhani atalia au atamshukuru mumewe. Alimzaba kofi lililosikika mpaka ng'ambo ya reli.

"Nilisema sitakasirika," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilikuuliza jikoni kwangu."

Akainuka akaenda zake kwa miguu. Hakumwacha, lakini alihamia chumba cha mama mkwe, na wanawake wale wawili walikula pamoja miezi minne bila kumwambia Kisirani hata karibu.

*

Kesho yake Kisirani alikwenda kwa ndugu za mwalimu, akasema. Walimtukana, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha alirudi gerejini kuliangalia gari bovu, akijua ataona mahali patupu pa pampu.

Pampu ilikuwa mahali pake. Boliti zote mbili zimekazwa. Mikwaruzo miwili ya baba yake ilikuwa pale, na ya tatu pembeni yake, nyembamba, kama ya ukucha. Kikombe cha kioo kilikuwa kizima, hakina hata ufa, na kilikuwa kitupu, kikavu kabisa. Alikaa chini kwenye majani akalia, akaamini yamekwisha. Alimsimulia Asali kila kitu, neno kwa neno, akamwapisha asimdanganye mteja kamwe. Asali akaapa, mkono kifuani.

Tangu hapo Kisirani akawa mtu wa ajabu. Mteja akiuliza, anajibiwa kabla hajamaliza. "Si mpya. Imetumika. Ina mkwaruzo hapa, tazama." Wengine walikimbia. Wengi walirudi.

Wiki ya sita, saa nne asubuhi, mama mmoja muuza vitambaa alileta gari lake, akahudumiwa na Asali. Kisirani alikuwa shimoni chini ya lori, mikono imejaa grisi. Aliwasikia juu yake.

"Na hii uliyonifungia," mama alisema, "ni mpya?"

"Mpya, mama yangu," Asali akasema kwa ile sauti yake tamu. "Sasa hivi nimeitoa kwenye boksi."

Nyuma ya gereji, ndani ya majani, kitu kikagonga mara moja. Tak.

Kisirani alijigonga kichwa akitoka shimoni. "Umemwambia nini? Mwendawazimu wewe, umemwambia nini?"

"Kaka, ni plagi tu! Plagi nne!" Asali alikuwa bado anatabasamu, kisha naye akaisikia. Tak. Tak. Harufu ilikwisha wafikia.

Gari la muuza vitambaa lilikuwa linatoka getini. Alikuja peke yake mama yule, wote wawili walimwona. Sasa kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa mtu mwingine, amenyooka, ametazama mbele, na jua lilipompiga, miwani yake ilimeta.

"Mama!" Kisirani alikimbia barabarani, ameshika spana, anapayuka mbele ya watu wote. "Mama, simama! Si mpya! Si mpya!"

Muuza vitambaa alimwona kwenye kioo cha nyuma, mwanamume mwenye grisi na spana, amejaa ghadhabu. Akapandisha vioo, akakanyaga mafuta, akashika njia ya kwenda relini.